KIDUHA: UA LAKE, JASHO LETU

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wananchi wengine huko Nyarugusu, Geita. Msemaji ameyapanga upya ili yamfae na msomaji ambaye hakuwapo. – Mhariri

Leo sikuja na habari ya dhahabu. Najua nimekuvunja moyo. Mtu kusimama Nyarugusu asiitaje dhahabu ni sawa na kwenda Ukerewe usiulize samaki. Lakini dhahabu ina wasemaji wengi: ina mawaziri, ina makampuni, ina madalali, ina na waganga wanaoiota usiku na kutuuzia ndoto hiyo asubuhi. Mimi nimekuja kumsema mwingine asiyekuwa na msemaji wala asiyemhitaji, maana kazi yake huifanya kimya kimya. Nimekuja kuzungumza habari ya jani.

Na kabla hatujaenda mbali, tuelewane. Nasema Nyarugusu yetu hii ya Geita, si ile ya Kasulu, mkoani Kigoma, yenye kambi ya wakimbizi tangu 1996. Ukiwa Dar es Salaam ukasema umetoka Nyarugusu, watu hukutazama kwa huruma na kukuuliza kama mgawo wa unga unatosha. Usiharakishe kuwasahihisha. Huruma hata sisi tunaihitaji, na unga pia.

Sasa nifuate. Acha kelele za makarasha nyuma yako, shika njia ya mguu inayopita kati ya maduara ya zamani na mashamba ya mahindi. Ukifika shambani, inama. Kuinama si kazi ngumu kwa Mtanzania, tumekuzoea. Tatizo ni kwamba tukiinama huwa tunatafuta dhahabu, au tunatazama viatu vya mkubwa. Leo inama utazame pale shina la mahindi linapoingia ardhini.

Utakiona kijimea. Mara nyingi hakipiti magoti yako, na kikiwa ndiyo kwanza kinachomoza hakipiti kidole. Majani yake membamba, na juu yake kuna maua ya zambarau iliyopauka, mazuri kiasi cha kijana kutaka kumchumia mchumba wake. Hicho, ndugu yangu, ndicho kiduha. Wajaluo wa ng'ambo ya ziwa wanakiita kayongo. Waingereza walikipa jina la gugu la uchawi, na kwa mara moja nitakubaliana na Waingereza.

KIJANI CHENYE NJAA

Kwa mtazamo wa haraka, kiduha ni raia mwema. Kina majani, na majani yake ni ya kijani. (Rangi hiyo sikuichagua mimi. Aliichagua Mwenyezi Mungu, na mwenye malalamiko ayapeleke huko huko.) Shuleni tulifundishwa kwamba mmea wenye majani ya kijani hujipikia chakula chake kwa jua na maji. Ni kweli, kiduha nacho hujipikia, lakini kidogo tu, kama mtu aliyeinjika maji ya chai huku akisubiri ugali wa jirani uive.

Mlo wake hasa uko chini. Mzizi wa kiduha unakwenda kujibandika kwenye mzizi wa mahindi, unautoboa, na kupenya mpaka kwenye mishipa inayopitisha maji. Kuanzia hapo kazi imegawanywa kwa haki kabisa: mahindi yanatafuta, kiduha kinapokea. Na hakibagui. Mtama kinakula, uwele kinakula, ulezi kinakula, hata mpunga wa nchi kavu na miwa.

Sasa tazama mahindi yenyewe. Mvua imenyesha, udongo una maji, lakini mahindi yamesinyaa na kugeuka manjano kana kwamba yana kiangazi chao wenyewe. Mwenye shamba analaumu mbegu. Kesho analaumu mvua. Keshokutwa anamtazama jirani yake kwa jicho baya, hasa kama jirani ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Na sisi tuliozaliwa Usukumani tunajua macho mekundu yamewaponza bibi wangapi, ilhali wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni. Wakati watu wanatafuta mchawi juu ya ardhi, mlaji yuko chini anamalizia.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hao, nadhani, walikuwa na nguo za kutosha. Sisi kikulacho ki mzizini mwetu.

Na lililo kubwa kuliko yote ni hili, naomba ulishike hata ukiyasahau mengine. Kiduha hukaa chini ya ardhi wiki kadhaa kikinyonya kabla hakijatoa kichwa. Siku unapokiona kimechanua shambani mwako, usidhani ndiyo siku kilipoanza kula. Hiyo ndiyo siku kimeshiba, kimevaa suti, na kimetoka nje kupunga upepo.

MBEGU INAYONGOJA HARUFU

Mbegu ya kiduha ni ndogo kama chembe ya ugoro. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu elfu hamsini, na mingine inapita laki. Ukipiga chafya karibu nazo, zinahama kata. Husafiri kwa upepo, kwa jembe la kuazima, kwa kwato za ng'ombe, na ndani ya debe la mbegu ulilonunua mnadani kwa bei nafuu.

Zikianguka chini haziendi papara. Zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Zinangoja harufu. Mzizi wa mahindi unapokua hutoa kemikali fulani, kidogo mno, na mbegu ya kiduha iliyo jirani kabisa na mzizi huo ikiipata, usingizi umekwisha. Isipoipata, inaendelea kulala. Haina njaa, haina haraka, haina aibu.

Hapa msomaji umeanza kucheka, kwa sababu umeshamkumbuka mtu. Yule aliyelala miaka minne na nusu, simu haipokei, barabara yetu haijui, na ghafla mwaka wa uchaguzi umenukia tu, unamkuta msibani amebeba jeneza upande wa mbele. Hapana, simtaji jina. Nikilitaja nitakuwa nimewaonea wenzake.

Lakini usiwacheke wanasiasa peke yao, maana kiduha ni cha jamii nzima. Ukitaka kujua ukoo wako una watu wangapi, usihangaike na wazee wala madaftari ya sensa. Pata gramu 50 tu hapa Nyarugusu. Kabla hujaosha uso, watakuja mashemeji ambao ndoa zao hazijulikani, binamu wa Sengerema, mjomba wa Kahama ambaye mara ya mwisho mlionana ukiwa hujaota meno. Atakuja na kamati ya harusi ikiwa na kadi ya mchango imeshaandikwa kiasi. Atakuja mganga kudai kwamba dawa aliyokupa mwaka juzi, ambayo ulisema haifanyi kazi, ilikuwa inachelewa tu. Duara likikauka, wote hao wanarudi kulala udongoni. Hawajafa. Wanangoja harufu.

Sasa nikupe jambo ambalo wataalamu wamelijua miaka hii ya 2000, na ambalo mimi lilininyima usingizi. Mzizi wa mahindi unapotoa ile kemikali, hauna nia ya kukiita kiduha. Mzizi una akili gani ya kujiroga? Unawaita ukungu wema wa udongoni, wale wanaousaidia kupata fosforasi. Na mzizi wenye njaa huita kwa sauti kubwa zaidi kuliko mzizi ulioshiba. Kwa hiyo udongo ukichoka, mahindi yanapiga yowe la kuomba msaada, na anayefika mbio katikati ya wasaidizi ni kiduha.

Soma tena sentensi hiyo, halafu fikiria vijiji vyetu. Mwananchi wa kijiji kisicho na maji, kisicho na dawa zahanati, anapiga yowe. Nani anafika? Anafika mwenye fulana na kofia za bure. Anafika mwenye kilo mbili za sukari. Anafika wa kuwaandikisha akina mama mkopo wa kikundi ambao riba yake inakimbia kuliko bodaboda. Kijiji kilichoshiba hakiuzi kura kwa sukari. Ndiyo maana kuna watu ambao shibe ya kijiji haiwapendezi.

CHINI YA SHAMBA, CHINI YA MEZA

Nilisema sikuja na habari ya dhahabu. Sikusema dhahabu haitanifuata.

Tazama jinsi mawe yanavyogawanywa hapa kwetu. Duara likitoa mali, mwenye leseni anatoa fungu lake, mwenye shamba lake, aliyegharamia chakula na matimba lake, na waliozama chini, wenye vumbi kifuani, wanagawana kinachobaki. Wakifika kwenye karasha wanasaga, wanakamata kwa zebaki, wanapata kitonge chao, wanakwenda kuuza. Udongo uliosagwa, yaani marudio, mara nyingi unabaki kwa mwenye karasha. Na zebaki, msomaji, hukamata sehemu tu ya dhahabu. Mara nyingi iliyobaki kwenye marudio ni nyingi kuliko iliyoondoka na mchimbaji. Ndiyo maana ile mitambo ya kuchenjua kwa sayanidi haikosi kazi.

Simwiti mwenye mtambo kiduha. Ameweka mtaji wake, amenunua kemikali, ana hesabu zake na hasara zake. Nasema hivi tu: mchimbaji anayeondoka akifurahia kitonge bila kupima marudio anatazama ua, wakati mlo uko chini. Kikundi kikijiunga kikapima udongo kabla ya kuuacha, bei yake itajadiliwa. Usipopima, unatoa sadaka, na sadaka hiyo hata msikitini au kanisani haijaandikwa.

Yuko na mwenye leseni anayeilalia. Kipande kimeandikwa jina lake, hachimbi, hauzi, hakodishi kwa bei ya mtu mzima, anangoja tu vijana wavumbue mali jirani ili aamke. Serikali yenyewe imelalamika mara nyingi kuhusu leseni zinazoshikiliwa bila kuendelezwa. Mbegu ya ugoro hiyo.

Na yuko mama mwenye shamba, ambaye siku moja anaambiwa kwamba juu ni pake lakini chini ni pa mwingine. Ni kweli kwamba madini ni mali ya taifa. Lakini sheria ya madini ya 2010 haikumwacha mama huyo uchi: mwenye leseni hatakiwi kuingia tu kwenye shamba lenye mazao bila ridhaa ya maandishi ya mwenye kuikalia ardhi hiyo kihalali. Ya maandishi, msomaji, si ya kutikisa kichwa kwa sababu mgeni amekuja na mtendaji. Huyu mama akilijua hilo kabla ya katapila, anazungumza bei. Akilijua baada ya katapila, anazungumza na wanasheria.

Sasa panda juu kidogo, kwenye mashamba ya wakubwa. Kule Kahama, mkataba wa mgodi wa Buzwagi haukusainiwa Kahama, wala Shinyanga, wala Dodoma. Ulisainiwa hotelini London, Februari 2007. Nauliza kama mkulima wa kawaida: ni muhindi gani unaopandwa Kahama ukapaliliwa London? Agosti mwaka huo, mbunge wa upinzani, Zitto Kabwe, aliliuliza Bunge jambo hilo hilo kwa lugha ya heshima zaidi. Akasimamishwa ubunge kwa miezi. Yaani kiduha kikiwa shambani, aliyekionesha kwa kidole ndiye aliyeng'olewa. Lakini yowe lilikuwa limeshasikika. Novemba 2007 ikaundwa kamati chini ya Jaji Mark Bomani, ikatoa taarifa 2008, na 2010 tukapata sheria mpya ya madini na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4. Mwaka 2017 ukafika 6. Mgodi wa Buzwagi wenyewe ulianza uzalishaji 2009, na kufikia 2021 ulikuwa umemaliza kuchimba. Miaka 12 tu. Ua limechanua, limepukutika, na shimo limebaki kwetu.

Ulipofika 2017 tukaingia kwenye makinikia. Makontena 277 yakazuiwa, tume zikakaa, na kampuni ya Acacia ikadaiwa dola bilioni 190. Tulipiga hesabu kila mtu atapata kiasi gani, wengine wakakopa kabisa. Mwisho wake yakafikiwa makubaliano: dola milioni 300, hisa asilimia 16 za serikali, na ahadi ya kugawana faida nusu kwa nusu. Sisemi makubaliano hayo hayana maana, hisa ni hisa. Nasema kwamba kung'oa kiduha kwa kelele kikiwa kimeshachanua ndivyo kulivyo: unakata jasho sana, watu wanakupigia makofi sana, na mahindi yaliyokwisha kunyonywa hayarudi.

Na hapa hapa Geita? Kwa miaka mingi mgodi mkubwa ulikuwa unailipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa na mkataba, dhahabu ipande bei isipande. Kisheria ushuru wa huduma uliweza wakati huo kufika asilimia 0.3 ya mapato ghafi. Mpaka 2014 ndipo malipo yalipohamia kwenye hiyo asilimia 0.3. Pima mwenyewe tofauti ya hizo hesabu mbili katika madarasa, vitanda vya wajawazito na visima. Hakuna aliyekuja kutuibia usiku. Ilikuwa imeandikwa, imesainiwa, imepigwa muhuri. Ilikuwa mzizini.

PALIZI YA KILA MIEZI MITATU

Umeshachoka na kulalamika, nami nimechoka. Tuje kwenye dawa, maana kiduha kina dawa, na ninazipenda kwa sababu hazihitaji mganga.

Kwanza, kiling'oe kabla hakijatoa mbegu. Ukikiacha kichanue kwa sababu ni kizuri, umejipandia laki moja za mwakani. Marekani walikigundua kiduha mwaka 1956 katika mashamba ya mahindi ya majimbo ya Carolina. Hawakuunda tume ya kuchunguza kama kweli ni kiduha. Waliweka karantini, mazao na mashine visitoke hovyo eneo hilo, wakachoma sindano za gesi ardhini ili mbegu ziote bila kukuta mzizi wa kula zife. Wamekaa juu ya kazi hiyo miongo mingi mpaka eneo likabaki dogo sana. Taifa lenye ndege za kwenda mwezini lilipiga magoti kwa ajili ya mbegu ya ugoro, kwa sababu lilijua hesabu ya mbegu hiyo.

Sisi nasi tuna palizi yetu. Tatizo ni mikono ya wapaliliaji. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 ulikuwa palizi ya ajabu. Wagombea wa upinzani wakaenguliwa kwa maelfu, wakiambiwa hawajui kujaza fomu: huyu kaandika mkulima badala ya kilimo, yule kasahau nukta. Chama tawala kikatangazwa kushinda kwa zaidi ya asilimia 99 ya vijiji na mitaa. Waliingia shambani na majembe makali, wakapalilia mahindi, wakaacha kiduha. Kisha wakashangaa njaa.

Dawa ya pili ni pamba. Usishangae. Mzizi wa pamba nao hutoa ile harufu, na kwa kweli wanasayansi waliichambua kemikali hiyo kwa mara ya kwanza kutoka kwenye mizizi ya pamba, mwaka 1966. Kiduha kikinusa kinaamka mbio, kinajua karamu imeiva, kinafika kwenye mzizi wa pamba, mlango umefungwa. Kinakufa kwa njaa ndani ya siku chache. Pamba ndiyo yule mjomba mjanja anayetangaza kwamba amepata dhahabu, ndugu wote wanakuja na mabegi, wanamkuta anakula matembele. Karanga na alizeti nazo zinafanya kazi hiyo. Kwa hiyo wazee wetu wa Usukuma waliokuwa wakibadilisha pamba na mtama hawakuwa wajinga kama baadhi ya mabwana shamba walivyodhani. Na tulipovunja vyama vya ushirika mwaka 1976, na baadaye bei ya pamba ikawa ya kumkopa mkulima, mkulima alipoitupa pamba akapanda mahindi juu ya mahindi, kiduha kilisherehekea. Sera mbovu haiishii ofisini, msomaji. Inafika mpaka kwenye mzizi.

Dawa ya tatu ni rutuba. Kiduha hakipendi udongo wenye nguvu. Mwaga samadi, na Usukumani samadi haijawahi kuwa bidhaa ya kuagizwa nje. Pale Mbita, upande wa Kenya wa ziwa hili hili, watafiti wa ICIPE waligundua miaka ya 1990 kwamba ukipanda mmea mdogo wa jamii ya kunde uitwao desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, mizizi yake inakizuia kiduha kisishike, huku ikirutubisha udongo na majani yakiwa chakula cha ng'ombe. Jani kupambana na jani. Hakuna risasi wala kitutu cha machozi.

Sasa rutuba ya mwananchi ni nini? Ni habari. Mwananchi anayejua hesabu hapigi yowe gizani. Sheria ya serikali za mitaa inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau mara moja kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo. Kila miezi mitatu! Hiyo ndiyo palizi. Tumezoea kupalilia mara moja kila miaka mitano, wakati kiduha kinamaliza mzunguko wake wote, kuanzia usingizini mpaka mbegu, ndani ya msimu mmoja. Na iko sheria ya 2015 ya uwazi katika madini, mafuta na gesi, inayotaka mikataba iwekwe mahali watu watakapoiona. Iko ya 2017 inayotaka mpango wa kampuni wa kuhudumia jamii upitishwe na halmashauri. Kwa hiyo usiniambie hatuna jembe. Jembe lipo, limetundikwa ukutani, na buibui wamejenga.

Najua utakachosema. Mkutano ukiitishwa, watu wako maduarani. Wakija, wanauliza posho. Mtendaji akisoma hesabu anasoma mbio kama mtangazaji wa mpira, na mwisho anauliza, “Tumeelewana?” Sote tunajibu, “Ndiyo!” Basi mwambie arudie. Mwambie taratibu: ushuru wa huduma uliokuja ni kiasi gani, ulikuja lini, umefanya nini, risiti iko wapi. Maswali manne. Yanatosha kwa palizi moja.

KIDUHA CHETU WENYEWE

Siwezi kumaliza nikiwa nimeacha shamba letu wenyewe. Msomaji wa gazeti hili asidhani kiduha kinajua kadi za vyama. Kati ya 2017 na 2019 tuliwaona wabunge na madiwani wetu, tuliowapigania kwa jasho na wengine kwa damu, wakisimama na kusema wanahama ili “kuunga mkono juhudi”. Walikuwa na majani mazuri. Maua yao tuliyapenda, tuliyaimba, tuliyabeba mabegani. Hatukuuliza mzizi umeshika wapi. Walipofika upande wa pili wakarudi kugombea majimbo yale yale, gharama ya uchaguzi wa marudio ikatoka kwenye mfuko ule ule wa mlipa kodi. Mahindi yakanyonywa mara mbili na mche mmoja.

Kwa hiyo chama kinachotaka kutawala kianze kujipalilia chenyewe. Ruzuku inasomwa mbele ya nani? Viti vinagawanywa na nani? Kijana wa tawi anayebandika mabango usiku anajua hesabu ya tawi lake? Tukiwa tunamdai mtendaji risiti wakati mweka hazina wetu anaweka risiti kichwani, sisi ni majani ya kijani ya aina nyingine.

Ndugu msomaji, sina jambo kubwa la kukuomba. Sikuombi uandamane leo, wala uchome kitu, wala umtukane mtu. Nakuomba mambo mawili madogo kama mbegu yenyewe. Ukipita shambani, lako au la jirani, ukakiona kile kiua cha zambarau, kikamate chini kabisa ukichomoe, na kama kimeanza kutoa mbegu usikitupe njiani, kichome. Jirani akikuuliza unafanya nini shambani mwake, mwambie unamtetea. Na mkutano wa kijiji ukitangazwa, hata kama duara limeanza kuonyesha dalili njema siku hiyo, tenga saa mbili uende ukae mbele, na yale maswali manne umeyaandika kwenye karatasi. Dhahabu imekaa ardhini tangu kabla ya Mjerumani kuifikia Geita, itakungoja saa mbili.

Kiduha peke yake ndicho hakingoji.

Palizi njema.